Sahani yenye maua ya Kizungu si nakala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niseme juu ya neno moja tu. Katika makala mliyochapisha Jumapili mbili zilizopita kuhusu biashara ya vyombo vya kauri kati ya China na Ulaya, palikuwa na picha ya sahani nyeupe iliyochorwa waridi, tulipu na vijiua vilivyotawanyika kuelekea ukingoni, na chini ya picha hiyo mliandika: "Nakala ya Kichina ya sahani ya Ujerumani, karne ya 18." Makala yenyewe niliisoma mara mbili kwa furaha, maana ni nadra magazeti yetu kuipa mada kama hiyo ukurasa mzima. Lakini neno "nakala" limenikwama kooni tangu siku ile, na kwa kuwa nilifundisha historia ya biashara ya Bahari ya Hindi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, naona sitendi haki nikinyamaza.

Msomaji anayekutana na neno hilo anaelewa kwamba kuna kazi halisi, iliyotoka kwenye akili ya Mjerumani, na kuna kivuli chake, kilichotoka kwenye mkono wa Mchina asiye na lake. Sahani zile zina habari tofauti kabisa na hiyo.

Chombo kama kile kilizaliwa Jingdezhen, katika jimbo la Jiangxi, mji ambao kwa karne nyingi ulikula na kulala kwa kazi ya udongo. Kauri inahitaji vitu viwili vikutane. Cha kwanza ni udongo mweupe uitwao kaolini, neno linalotokana na jina la Gaoling, kijiji kilichoko karibu na mji huo; cha pili ni jiwe linalopondwa mpaka likawa unga laini, ambalo likipata moto wa nyuzi joto zipatazo 1,300 huyeyuka na kuushika ule udongo, chombo kikatoka kigumu, cheupe, na chembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Padri Mjesuiti kutoka Ufaransa, François Xavier d'Entrecolles, aliyekaa huko na kuandika barua mbili ndefu juu ya kazi hiyo, moja mwaka 1712 na nyingine mwaka 1722, alisema kwamba mtu akiuona mji usiku angedhani wote unateketea, kwa wingi wa tanuri zilizokuwa zikiwaka. Alieleza pia kuwa chombo kimoja hupita mikononi mwa watu 70 kabla hakijakamilika, na kwamba hata katika uchoraji peke yake kazi iligawanywa: yupo aliyevuta mstari wa ukingoni tu, yupo aliyechora umbo la ua, na yupo mwingine aliyelijaza rangi.

Ulaya ilizipenda bidhaa hizo kwa muda mrefu bila kujua zinatengenezwaje. Mwaka 1717 Augustus, mtawala wa Saxony, nchi ya Ujerumani ulimo mji wa Meissen, ambaye pia alikuwa mfalme wa Poland, alimpa mfalme wa Prussia askari 600 wa farasi, akapokea vyombo 151 vya kauri. Naomba msomaji atue hapo kidogo, kwa sababu binadamu 600 kubadilishwa na vyombo ni jambo la kusikitisha, nami silitaji kwa kulisifu. Nalitaja ili ionekane jinsi kiu ya mali hiyo ilivyokuwa kali. Kwa agizo la mtawala huyohuyo, Johann Friedrich Böttger na wenzake walikuwa wamekwisha kuigundua siri ya kauri ngumu, na kiwanda cha Meissen kikafunguliwa mwaka 1710.

Sasa, wachoraji wa Meissen walianza kwa kuchora nini? Walianza kwa kuchora maua ya Mashariki. Waliyaiga kutoka kwenye vyombo vya China na Japani, nao wenyewe wakayaita "maua ya Kihindi", kwa kuwa wakati ule Mzungu wa kawaida aliita karibu kila kitu kilichotoka upande huo cha Kihindi. Ilipofika miaka ya 1740 hivi ndipo waliposhika mtindo wa maua ya kwao, waridi, tulipu na mengine waliyoyatoa katika picha za vitabu vya mimea, wakayaita "maua ya Kijerumani". Miaka michache baadaye maua hayohayo ya Kijerumani yalionekana kwenye sahani zilizotoka China. Ukiianza hadithi mwaka 1745 utasema Mchina amemwiga Mjerumani. Ukirudi nyuma miaka 30 tu, utasema kinyume chake, tena kwa ushahidi mzito zaidi, kwa kuwa Meissen haikuiga maua peke yake, iliiga kauri yenyewe. Hata hivyo sijapata kuona kibao katika jumba la makumbusho, wala maelezo ya picha gazetini, yanayoiita sahani ya Meissen ya mwaka 1725 nakala ya Kijerumani ya kazi ya Kichina. Huambiwa ni kazi ya mapema ya Meissen, basi.

Na hata hayo maua ya Kizungu, tukiyafuata mpaka kwenye mizizi, hayakai sehemu moja. Tulipu ilifika Ulaya ya Magharibi katika karne ya 16 kutoka katika dola la Waturuki. Wachoraji wa China walikuwa tayari wanachora maua yanayofanana na tulipu kwenye shingo za chupa na majagi ya bluu na nyeupe waliyowauzia Waholanzi katika miaka ya 1630 na 1640, yaani miaka 100 kabla ya maua ya Kijerumani. Ile bluu nayo, ambayo dunia nzima huiita ya Kichina, hutokana na madini ya kobalti, ambayo hapo kale China ililetewa na wafanyabiashara Waislamu kutoka upande wa Uajemi. Ninayataja haya kwa haraka kwa sababu wanaoijua bahari yetu hawatashangaa.

Jambo ambalo ningependa wasomaji walizingatie zaidi ni rangi, maana ndani yake ndimo ulimo ufundi ambao neno "nakala" linaufuta. Bluu ya kobalti huchorwa juu ya chombo kibichi, kikamwagiwa maji ya utando unaogeuka kioo, kisha vyote vikachomwa pamoja, na kwa sababu hiyo bluu hukaa chini ya kioo na haibanduki. Waridi la rangi ya waridi haliwezekani kwa njia hiyo, kwani rangi yake hupotea katika moto mkali. Rangi hiyo hutokana na dhahabu, iliyogawanywa ndani ya kioo kuwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na kioo hicho kikasagwa kuwa unga. Ilienea China kuanzia miaka ya 1720. Pamoja nayo ilikuja nyeupe nzito, isiyopitisha mwanga, inayopatikana kwa kuchanganya risasi na aseniki. Nyeupe hiyo ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Zamani rangi za Kichina za juu ya kioo zilikuwa angavu kama kioo cha dirisha, kijani ikawa kijani na nyekundu ikawa nyekundu. Kwa kuchanganya nyeupe, mchoraji aliweza kuifanya petali ianze na rangi ya waridi iliyokolea kwenye kikonyo na kuishia na weupe wa maziwa kwenye ncha, ua likavimba na kuonekana kana kwamba unaweza kulishika. Wachina wenyewe waliziita rangi hizo *yangcai*, yaani rangi za kigeni. Hawakuona haya kukiri walichojifunza kwa wengine, na sioni kwa nini ukarimu huo ugeuzwe kuwa hoja dhidi yao.

Vyombo vyeupe, vilivyokwisha kuchomwa Jingdezhen, vilisafirishwa kwa mito na kubebwa na watu kuvuka milima hadi Guangzhou, bandari ambako, kuanzia mwaka 1757 hadi 1842, Wazungu wa kutoka baharini walitakiwa kufanyia biashara yao yote. Ng'ambo ya mto, katika kisiwa cha Honam, zilikuwako karakana za wachoraji, na humo sahani ilipata maua yake na kuchomwa mara ya pili kwa moto mdogo zaidi. Mwingereza William Hickey, aliyetembelea karakana hizo mwaka 1769, aliandika kwamba katika ukumbi mmoja mrefu aliwakuta zaidi ya watu 100 wakichora, wengine wazee sana, wengine watoto wa miaka sita au saba. Hakuna jina hata moja la wachoraji hao lililoandikwa nyuma ya sahani. Kwangu mimi hiyo ni sababu tosha ya kuwa waangalifu na maneno tunayowabandika, maana wao hawana njia nyingine ya kujitetea isipokuwa sahani zenyewe.

Mchoraji huyo alifanya kazi yake akiwa na nini mezani? Mara nyingi alikuwa na karatasi iliyochapwa Ulaya au chombo cha mfano kilicholetwa na meli. Tangu mwaka 1635 Waholanzi walikuwa wakipeleka mifano ya mbao ili wafinyanzi wa China wajue maumbo wanayoyataka. Mwaka 1734 kampuni yao ya biashara ya India ya Mashariki ilimwajiri Cornelis Pronk wa Amsterdam achore michoro maalumu ya kupelekwa China, kisha baada ya miaka michache mpango huo ukaachwa kwa sababu ya gharama. Maua na wadudu wa Maria Sibylla Merian, yule mama aliyevuka bahari hadi Suriname mwaka 1699 ili akachore viumbe hai, yalifika pia kwenye sahani za Kichina. Kwa hiyo ni kweli kwamba kielelezo kilitoka Ulaya, nami sipingi hilo hata kidogo.

Ila tuziweke sahani mbili pamoja, ya Meissen na ya Guangzhou, kama nilivyopata kuziona zimewekwa kabatini pamoja. Katika ile ya Meissen shada limelala juu ya sahani kama kitu kilichotupwa hapo, na mara nyingine kimechorewa hata kivuli chake. Katika ile ya Guangzhou kivuli mara nyingi hakipo. Weupe wa kauri umeachwa uwe hewa, na ua linaelea. Shina limevutwa kwa mkupuo mmoja wa burashi, nene mwanzoni, jembamba mwishoni, namna anayoivuta mtu aliyejifunza burashi hiyo kwa kuandikia herufi. Petali za waridi zimezungushiwa mstari mwembamba kama unywele, na waridi lenyewe limeanza kufanana na peoni, ua linalopendwa sana China. Wapo waandishi wanaoliita jambo hilo kosa: ati hakulijua waridi la Kizungu, akakosea. Mimi naliona kuwa ni uamuzi wa mkono unaojua kazi. Mtu aliyechora peoni tangu utotoni, akiletewa ua geni la petali nyingi, atalielewa kupitia lile analolijua, na matokeo yake yatakuwa ua la tatu, ambalo halikuwako katika bustani ya Saxony wala ya Guangdong, jimbo iliko Guangzhou.

Wasomaji wetu hawahitaji kwenda mbali kulielewa hilo, kwa kuwa wamelivaa. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita kanga nyingi zilizovaliwa kuanzia Lamu hadi Mtwara zilipigwa chapa nje, Uholanzi, India na Japani, kwa maagizo ya wafanyabiashara wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, waliotuma mchoro pamoja na jina la kanga kwa Kiswahili. Fundi wa Japani hakuyajua maneno aliyokuwa akiyachapa. Je, yupo mama aliyewahi kuiita kanga ile nakala? Ilikuwa kanga, tena kanga ya kweli, na ukweli wake ulitokana na pande mbili: aliyejua anachotaka na aliyejua namna ya kukitengeneza. Sahani ya maua ya Kizungu iliyochorwa Guangzhou ni hivyohivyo. Iliagizwa, ikatengenezwa, ikanunuliwa, ikatumika mezani. Haikutokea asubuhi moja Mchina akaiba ua la mtu.

Naomba niongeze jambo moja la nyumbani, kwa kuwa lilinifundisha mwenyewe. Pwani yetu inazijua kauri za China kwa karne nyingi: zimejengewa kwenye nguzo ya kaburi maarufu la Mambrui, zimepamba makaburi ya Kunduchi, na katika nyumba za mawe za Lamu na Pate zilipangwa ndani ya zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, hata mshairi wa kule alipotaka kuonyesha kuwa mji umekufa, alitaja madaka ya sahani yaliyogeuka malalo ya ndege. Bibi yangu mzaa mama, huko Pangani, alikuwa na bakuli kubwa lenye maua mekundu na majani ya kijani, ambalo nyumba nzima tuliliita bakuli la Kichina. Lilitolewa Idi na harusi, likarudishwa juu ya kabati. Nilipokuwa mtu mzima niliomba ruhusa nikaligeuza. Chini palikuwa na chapa iliyopigwa kwa wino, na ndani ya chapa lilisomeka jina la mji wa Maastricht. Bakuli letu la Kichina lilikuwa la Uholanzi, mojawapo ya maelfu yaliyoletwa pwani hii katika karne ya 19, viwanda vya Ulaya vilipoanza kutuuzia vyombo vya udongo vya bei nafuu vilivyopambwa kwa maua.

Tangu siku hiyo nimekuwa na mazoea ya kugeuza vyombo, kwa idhini ya wenyewe. Naweza kuwaambia wasomaji kwamba kauri ya China ya karne ya 18 aghalabu haina chapa ya kiwanda. Pete ya kitako chake imeachwa bila kioo, na ukiipapasa utaukuta udongo mweupe ulioshikamana kama jiwe. Ukikiinua chombo dhidi ya jua, kivuli cha vidole huonekana kwa upande wa pili, jambo ambalo bakuli la Maastricht haliwezi. Rangi za maua, zikiwa juu ya kioo, huhisika kwa ncha ya kidole kama makovu madogo, na ukitazama vijiua viwili vinavyodhaniwa kuwa sawa utakuta havilingani, kwa kuwa kila kimoja kilichorwa kivyake. Kwa sababu hiyohiyo ya kukaa juu, rangi hizo hufa upesi. Ilipopatikana mwaka 1985 shehena ya meli ya Kiholanzi iitwayo Geldermalsen, iliyozama Januari 1752 katika Bahari ya Kusini ya China ikiwa na chai, dhahabu na vyombo vya kauri vipatavyo 150,000, bluu ilitoka majini iking'aa kama ya jana. Rangi za juu ya kioo huliwa na chumvi. Steli wul na unga wa kusugulia hufanya jikoni kilekile ambacho bahari hufanya kwa miaka 200, na nimeona kwa macho yangu sahani ambayo waridi zake zimebaki alama za kijivu tu kwa sababu ya usafi wa mwenyewe. Anayekuwa na chombo cha namna hiyo akioshe kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini.

Ndugu Mhariri, simlaumu mwandishi wa makala. Neno alilolitumia limo katika vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya, na inawezekana kabisa kwamba alilitafsiri kama alivyolikuta. Kiswahili lakini hakilazimiki kurithi hukumu za watu wengine pamoja na habari zao. Iwapo picha ile itachapishwa tena, nashauri maelezo yake yasomeke hivi: "Sahani ya kauri iliyofinyangwa Jingdezhen na kuchorwa Guangzhou, China, katika karne ya 18, kwa ajili ya wanunuzi wa Ulaya, maua yamechorwa kwa kufuata mtindo wa Meissen, na jina la mchoraji halikuandikwa."

Wasalaam,

Mwalimu mstaafu,
Tanga